Kiendeshi cha hifadhidata: mkalimani asiyeonekana nyuma ya takwimu za afya za nchi jirani

Mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda umeegemea kipande kidogo cha programu huria kiitwacho pgjdbc. Kinapatikana bila malipo na yeyote anaruhusiwa kukirekebisha. Hata hivyo, kasoro iliyofichuliwa mwaka 2024 ilionyesha kwamba kukitumia bila kukifuatilia kuna hatari yake.

Kila mwisho wa mwezi, zahanati na vituo vya afya katika ukanda wa Afrika Mashariki huhesabu wagonjwa wa malaria waliotibiwa, watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua. Hesabu hizo huingizwa katika kompyuta, zikasafiri hadi kwenye seva ya wizara, na huko ndiko huamuliwa dawa zipelekwe wapi na kwa kiasi gani. Kati ya ukurasa anaouona karani wa takwimu na ghala linalotunza tarakimu zake, kuna programu ndogo isiyo na kitufe wala picha. Wataalamu huiita kiendeshi cha hifadhidata.

Watumiaji wengi hawajapata kulisikia jina hilo, ingawa kila takwimu inayoingia au kutoka hupita mikononi mwa kiendeshi hicho.

Kiendeshi ni nini?

Hifadhidata, ambayo baadhi huiita kanzidata, ni ghala la taarifa zilizopangwa kwa safu na mistari. Ghala hilo lina lugha yake ya maswali, iitwayo SQL, na lina utaratibu wake wa kupokea na kutoa taarifa kupitia mtandao. Programu inayotumiwa na karani, kwa upande wake, huenda imeandikwa kwa lugha nyingine ya kompyuta, kama vile Java. Pande hizo mbili haziwezi kuzungumza moja kwa moja. Kiendeshi ndicho mkalimani wao. Hupokea ombi kutoka kwenye programu, hulipeleka kwa ghala katika umbo ambalo ghala linalielewa, kisha hurudisha jibu.

Kama ilivyo kwa mkalimani wa mahakamani, kosa dogo la tafsiri laweza kugeuza maana nzima. Tarehe yaweza kusogea kwa siku moja, herufi zenye alama zaweza kuharibika, na ombi la kusoma laweza kugeuzwa kuwa amri ya kufuta.

Pgjdbc ni kiendeshi kinachoziunganisha programu za Java na hifadhidata ya PostgreSQL. PostgreSQL yenyewe chimbuko lake ni mradi wa utafiti ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, na jina ililo nalo leo ilipewa mwaka 1996. Nao utaratibu wa viendeshi vya Java, uitwao JDBC, ulitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1997.

Uhusiano wake na Afrika Mashariki

Kiungo kikubwa kati ya kiendeshi hiki na ukanda huu ni mfumo wa DHIS2. Kazi iliyouzaa ilianzia Afrika Kusini mwaka 1994, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kumalizika, taifa hilo lilipohitaji takwimu za afya zitakazowahesabu raia wote. Leo mfumo huo unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na unatumika katika zaidi ya nchi 70. Kenya ilianza kuutumia nchi nzima kupitia mtandao mwaka 2011, na majirani zake wakafuata.

DHIS2 umeandikwa kwa Java na hutunza taarifa zake katika PostgreSQL. Kwa hiyo kiendeshi cha pgjdbc huja kikiwa ndani yake. Wizara inayousimika mfumo huo hupata kiendeshi bila kukiagiza, na mara nyingi bila kufahamu kwamba kimo. Hali ni hiyo hiyo katika mifumo mingi ya malipo, vyuo na mashirika iliyojengwa kwa Java na PostgreSQL.

Leseni ya pgjdbc ni ya aina ya BSD yenye vifungu viwili. Inamruhusu mtu yeyote kuitumia programu, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi ahifadhi tangazo la haki miliki. Leseni hiyo hiyo inasema bayana kwamba programu hutolewa bila dhamana yoyote. Likitokea la kutokea, mtumiaji hana wa kumdai. Wanaokitunza kiendeshi ni kundi dogo la wasimamizi, miongoni mwao Dave Cramer ambaye amekuwamo katika kazi hiyo kwa miaka mingi, wakisaidiwa na wachangiaji kutoka pembe mbalimbali za dunia.

Mambo matatu yanayowaponyoka watumiaji

Kukitumia kiendeshi si kazi ngumu. Mtaalamu huandika anwani ya seva, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na nywila, na mawasiliano yakaanza. Matatizo hutokana na mipangilio ambayo hakuna aliyeichagua kwa makusudi, bali imeachwa kama ilivyokuja.

La kwanza ni saa. Mawasiliano yanapofunguliwa, pgjdbc huiarifu hifadhidata kuhusu eneo la saa lililowekwa katika mazingira ya Java ya programu inayouliza. Kenya, Uganda na Tanzania zinatumia saa moja. Rwanda na Burundi ziko nyuma yake kwa saa moja. Seva nyingi zinazokodiwa ng'ambo huwekwa katika saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Mtoto aliyezaliwa Mwanza saa saba usiku, tarehe 1 Januari, kwa seva ya namna hiyo amezaliwa saa nne usiku, tarehe 31 Desemba. Taarifa ikihesabiwa kwa tarehe, mtoto huyo huangukia mwezi mwingine na mwaka mwingine. Katika wilaya zinazopakana na Rwanda au Burundi, tofauti ya saa moja pekee yatosha kuleta utata huo. Dawa yake ni kulitaja eneo la saa waziwazi katika mipangilio ya programu, na kutumia aina ya muda inayobeba eneo hilo ndani yake.

La pili ni kumbukumbu ya kompyuta. Kwa kawaida, pgjdbc huleta jibu lote kwa mkupuo mmoja. Afisa akiomba orodha ya mistari elfu mbili, hakuna neno. Akiomba mistari milioni kumi, kiendeshi hujaribu kuibeba yote kwa pamoja, na seva ya programu yaweza kuishiwa kumbukumbu na kusimama, ikiwaathiri hata wale waliokuwa wakiingiza takwimu zao kwa utulivu. Upo mpangilio wa kuleta mistari kwa mafungu, lakini haufanyi kazi ikiwa kila amri inajithibitisha yenyewe papo hapo. Sharti kwanza ufunguliwe muamala, ndipo mafungu yaletwe. Wengi huweka ukubwa wa fungu, wakasahau sharti hilo, kisha wakashangaa kuona hakuna kilichobadilika.

La tatu ni usiri wa mawasiliano. Pgjdbc isipoelekezwa vinginevyo, hujaribu kuyafumba mawasiliano ili yasisomwe njiani, lakini seva isipokubali, huendelea bila kufumba. Aidha, katika mpangilio huo haihakiki kama seva inayojibu ndiyo seva halisi. Kwa programu na hifadhidata zilizomo katika chumba kimoja, hatari hiyo ni ndogo. Kwa seva iliyo katika jiji lingine, au nchi nyingine, inayotunza majina na majibu ya vipimo vya wagonjwa, hatari ni kubwa. Mpangilio uitwao verify-full huamuru kwamba mawasiliano lazima yafumbwe, cheti cha seva kihakikiwe, na jina la seva lilingane na lile lililo katika cheti.

Alama mbili za kutoa zilizoleta kizaazaa

Februari 2024, wasimamizi wa pgjdbc walitangaza kasoro ya usalama iliyosajiliwa kwa namba CVE-2024-1597. Iliwekwa katika kundi la hatari kubwa zaidi. Chanzo chake kilikuwa alama ndogo mno.

Mwandishi wa programu anapotunga ulizo, huacha nafasi kwa kuweka alama ya kiulizo mahali patakapojazwa thamani, kwa mfano umri au jina. Katika hali ya kawaida, kiendeshi hupeleka ulizo peke yake na thamani peke yake. Hifadhidata hulielewa ulizo kwanza, kisha huzichukua thamani kama taarifa tu. Hata mtu mwenye nia mbaya akiandika amri mahali pa jina, amri hiyo hubaki kuwa maandishi.

Hata hivyo, pgjdbc ina hali nyingine iitwayo sahili. Katika hali hiyo, kiendeshi chenyewe huzipachika thamani ndani ya ulizo, na kutuma maandishi yote yakiwa kitu kimoja. Kuna walioichagua hali hiyo kwa sababu za msingi, hasa waliotumia programu za kugawana mawasiliano kama PgBouncer, ambazo kwa miaka mingi hazikuelewana vyema na maulizo yaliyoandaliwa mapema.

Kasoro ilijitokeza pale ambapo kiulizo kilitanguliwa na alama ya kutoa, na thamani iliyopachikwa ikawa namba hasi. Alama mbili za kutoa zilikutana. Katika lugha ya SQL, alama mbili za namna hiyo zikifuatana humaanisha kwamba maneno yote yanayofuata katika mstari huo ni maelezo ya pembeni, yasitekelezwe. Iwapo katika mstari uo huo palikuwa na nafasi ya pili iliyopokea maandishi, alama ya kufungulia maandishi hayo nayo ilimezwa. Mshambuliaji aliyeandika neno, akaruka mstari, kisha akaandika amri, aliikuta amri yake imekuwa sehemu halali ya ulizo. Angeweza kusoma asivyoruhusiwa kusoma, au kufuta.

Tiba ilikuwa rahisi kama ugonjwa wenyewe. Thamani sasa huzungushiwa mabano kabla ya kupachikwa, hivyo alama mbili za kutoa haziwezi tena kugusana. Marekebisho yalitolewa katika toleo la 42.7.2, na pia yakarudishwa katika matoleo kadhaa ya zamani kwa ajili ya wale wasioweza kuhama haraka. Wasioweza kubadilisha toleo kabisa walishauriwa kuachana na hali sahili.

Waliokitumia kiendeshi kwa mipangilio yake ya kawaida hawakuwa hatarini. Lakini ili taasisi iseme kwa uhakika kwamba haimo hatarini, ilihitaji kujua mambo mawili: inatumia toleo gani, na katika hali gani. Jibu la swali la kwanza liko karibu. Faili la kiendeshi hutaja toleo katika jina lake, na tangu Februari 2017 matoleo hayo huanza na 42. Namba hiyo ilichaguliwa ili watu waache kudhani kwamba kila toleo la PostgreSQL lina kiendeshi chake, dhana iliyokuwa imeenea wakati namba za pande mbili zilipofanana. Jibu la swali la pili liko katika mipangilio ya mawasiliano, na hulipata yule tu mwenye mazoea ya kuisoma.

Kuchangia kunaanzia wapi?

Neno mchango huwafanya wengi wafikirie fedha au ustadi wa hali ya juu. Katika miradi ya programu huria, mchango wa kwanza mara nyingi ni taarifa nzuri ya hitilafu. Taarifa nzuri hutaja toleo la kiendeshi, toleo la PostgreSQL na toleo la Java. Hueleza kilichotarajiwa na kilichotokea. Juu ya yote, huambatana na programu fupi ambayo msimamizi aliye mbali anaweza kuiendesha na kuiona hitilafu kwa macho yake. Taarifa isemayo tu kwamba mfumo haufanyi kazi huwapotezea muda pande zote mbili.

Mifano hiyo isiwe na taarifa halisi za watu. Mstari mmoja ulionakiliwa kutoka hifadhidata ya hospitali ukabandikwa hadharani hauwezi kurudishwa, na unaweza kukiuka sheria za ulinzi wa data ambazo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zote zimezitunga. Majina ya kubuni na tarakimu za kubuni huonyesha hitilafu vilevile.

Kasoro za usalama zina mlango wake. Anayeigundua hapaswi kuitangaza hadharani, bali huwaandikia wasimamizi kwa njia ya faragha iliyoelezwa katika sera ya usalama ya mradi. Hivyo hupatikana muda wa kuandaa marekebisho kabla ya wahalifu kuarifiwa.

Anayetaka kurekebisha msimbo hufuata njia inayojulikana. Msimbo wa pgjdbc umewekwa GitHub. Mchangiaji hutengeneza nakala yake, hufungua tawi la kazi, na kuujenga mradi kwa chombo kiitwacho Gradle. Huhitaji pia PostgreSQL ya majaribio katika kompyuta yake. Hatua inayofuata ndiyo wageni wengi huiruka: kuandika jaribio linaloshindwa. Jaribio hilo huthibitisha kwamba hitilafu ipo kweli. Kisha hufanya marekebisho, akaliendesha jaribio tena, na safari hii linapaswa kufaulu. Ndipo huwasilisha ombi la kuunganisha kazi yake na ya mradi, na mitambo huijaribu kwa matoleo mbalimbali ya Java na PostgreSQL.

Msimamizi huisoma kazi hiyo na kutoa hoja zake. Huenda akaomba mabadiliko mara mbili au tatu, au akakataa kwa sababu marekebisho yatawaharibia watumiaji wa zamani. Ukali huo una sababu. Kiendeshi kinachotumiwa na mifumo mingi hivi hakiwezi kubadilisha tabia yake ghafla bila kuwaangusha watu ambao msimamizi hatawajua kamwe.

Wapo pia wasioandika msimbo. Maelezo ya matumizi yanahitaji kusahihishwa na kuongezwa mifano. Ujumbe wa makosa wa pgjdbc umekuwa ukitafsiriwa kwa lugha kama Kifaransa, Kijapani, Kituruki na Kiserbia, kwa mafaili ya kawaida ambayo mtu huyajaza mstari kwa mstari. Njia hiyo iko wazi kwa lugha yoyote yenye watu wa kuifanya kazi hiyo na kuendelea kuitunza.

Vikwazo na faida

Vikwazo katika ukanda huu vinafahamika. Ujenzi wa mradi hupakua vipande vingi kutoka mtandaoni, na bando hugharimu fedha. Majadiliano yote ni ya Kiingereza, jambo linalomlemea kijana wa Bujumbura au Goma aliyesoma kwa Kifaransa. Isitoshe, mwajiri anayemlipa mtaalamu kwa kazi ya ofisi si rahisi aone kwa nini saa zake zitumike katika mradi wa watu wote.

Hoja hiyo ya mwisho ina jibu. Taasisi inayogundua hitilafu na kuirekebisha ndani kwa ndani, bila kuirudisha kwenye mradi, hulazimika kuirekebisha upya kila toleo jipya linapotoka. Mtaalamu aliyeifanya kazi hiyo akihama, ujuzi huondoka naye, na taasisi hubaki na toleo la zamani ambalo hakuna anayethubutu kuligusa. Marekebisho yaliyopokelewa na mradi hutunzwa na mradi, nayo hurudi kwa taasisi pamoja na kila toleo linalofuata.

Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha kwamba yaweza kutoa na siyo kupokea tu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kundi la wataalamu wa DHIS2 limetengeneza programu tumizi za mfumo huo, ikiwamo ya kadi za alama za kupima utendaji wa huduma. Nchini Uganda na Rwanda yapo makundi ya namna hiyo yanayozihudumia wizara na kuwafunza wataalamu wa nchi nyingine. Kazi hizo ziko katika tabaka la juu, lile linaloonekana na mtumiaji. Tabaka la chini, waliko akina pgjdbc, halijazoeleka hivyo.

Kwa vyuo na wizara, hatua za kuanzia hazihitaji bajeti mpya. Ya kwanza ni orodha ya viendeshi na maktaba za programu zilizomo katika kila mfumo, pamoja na matoleo yake. Ya pili ni mtu mmoja aliyepewa jukumu la kusoma matangazo ya usalama na kuyalinganisha na orodha hiyo. Ya tatu ni ruhusa ya maandishi kwa wataalamu kurudisha marekebisho yao kwa miradi husika. Lijapo tangazo jingine kama lile la Februari 2024, taasisi yenye orodha itajua siku hiyo hiyo kama inahusika. Isiyo nayo itaanza kwa kutafuta seva zake ziko wapi na nani ana nywila zake.